Nililipia kelele: Altezza yangu, filta ya koni na hewa ya Mbeya

Siku niliyofunga filta ya koni, yani filta ya hewa ya kununua inayokaa wazi chini ya boneti badala ya kopo la kiwandani, nilizunguka Mbeya nzima na Altezza yangu sina pa kwenda. Nilitoka Forest nikashuka Mafiati, nikapita Mwanjelwa, nikanyoosha mpaka Uyole nikageuza, saa moja asubuhi mwezi wa saba, na mwezi wa saba wa huku mnaujua, kioo kiko chini masikio yameshakufa ganzi lakini sikifungi, nilikua nataka kuisikia. Ukikanyaga mafuta inakuja sauti moja nzito kutoka chini ya boneti, kama mzee anavyovuta uji wa moto kwenye kikombe cha bati, bodaboda wanageuka, watoto wa shule wanapiga kelele, we unajiona umeshafika.

Wiki tatu baadae nikaachwa na Noah.

Na sio Noah ya mtu na familia yake, Noah ya abiria, imejaa mpaka konda kakaa nusu tako, juu kuna magodoro mawili na madumu. Ilikua kwenye ule mpando wa kutoka Igawilo kwenda Isongole, mi niko gia ya tatu nimekanyaga mpaka chini, sauti ya uji inanguruma kama kawaida, Noah ikaniwashia indiketa kwa heshima kabisa ikapita. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikua ile Noah ya zamani, SR40, ambayo injini yake ni 3S-FE, na ya kwangu ni 3S-GE, yani hizi injini ni watoto wa baba mmoja. Ya kwao kiwandani ilitoka na nguvu ya farasi 130, ya kwangu 210. Farasi 80 za ziada na bado nasoma maneno yaliyoandikwa kwenye kioo cha nyuma cha Noah.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Gari ni Altezza RS200, manyuo, gia sita. Kwa wasioijua, hii ndo ile Altezza yenye injini ya silinda nne ambayo Toyota walishirikiana na Yamaha, 2.0, inatoa hizo farasi 210 lakini inazitoa juu kabisa, mzunguko 7,600 kwa dakika, chini ya 4,000 ni gari ya kawaida tu ya kuendea kanisani. Ile nyingine ya AS200 ina silinda sita na farasi 160, wengi mtaani wanayo hiyo na wanasema ni RS, lakini hayo si ya leo.

Niliinunua Dar. Niliijaribu huko na ilikua inaenda vizuri sana, inachangamka, nikalipa. Nikaanza safari ya kupanda nayo mwenyewe, Morogoro, Mikumi, Kitonga ikapanda bila shida yoyote, Iringa nikala, Mafinga pale kwenye misitu ya mipaini nikaanza kuhisi kama kuna kitu lakini nikasema ni uchovu wangu, Makambako hivyo hivyo, nafika Mbeya usiku gari haina hamu. Inatembea, haimisi, haitoi moshi, ila haina hamu. Kesho yake nikampelekea jamaa mmoja fundi kijana akaendesha akasema plagi. Nikabadilisha plagi nne. Mwingine akasema pampu ya mafuta. Mwingine akasema mwenye gari wa Dar kaniuzia gari iliyochoka, wale wa Dar ndo zao. Wa nne akasema hii gari haipumui, funga koni, na huyo ndo nikamuamini kwa sababu alikua na ya kwake na inalia vizuri.

Sasa huyo wa nne kwenye utambuzi alikua sahihi kabisa, gari kweli ilikua haipumui. Kwenye dawa ndo alinipoteza.

Injini ni pampu ya hewa, petroli ni rahisi, kompyuta ikitaka petroli zaidi inaacha nozeli wazi muda mrefu kidogo basi, kazi ngumu ni kuingiza hewa. Kila gramu ya petroli inataka hewa gramu kama 14 na ushee ili iungue yote. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika inavuta kama lita 7,000 za hewa kila dakika, kwa sababu silinda zote nne zinajaa mara moja kila mizunguko miwili. Zigawe kwa ndoo za lita 20 unapata ndoo 350. Kwa dakika moja. Karibu ndoo sita kila sekunde zinapita kwenye tundu ambalo unaweza kuliziba kwa kiganja. Mimi nilivyopiga hiyo hesabu niliwaza foleni ya ndoo bombani kwetu wakati wa mgao, nikaiheshimu sana ile filta.

Ila ndoo inaweza kujaa hewa na bado ikawa na hewa kidogo, na hapo ndo Mbeya inapoingia. Ujazo ni ule ule, uzito ndo unabadilika, na injini inakula uzito. Usawa wa bahari kwenye nyuzi 25 mita moja ya ujazo ya hewa ina kama kilo 1.18. Hapa mjini kwetu tuko mita kama 1,700 juu, hata asubuhi ya baridi ya nyuzi 15 inabaki kama kilo 1 tu. Fanya hesabu mwenyewe, ni pungufu ya asilimia 15 au 16, na injini isiyo na turbo (ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini) haina ujanja wowote, inapungukiwa hapo hapo. Zile farasi 210 za kwenye karatasi, mlima ulishakula kama 33 kabla sijawasha gari. Gari haikua imechoka. Mwenye gari wa Dar nilimtukana bure, na hapa namuomba msamaha.

Lakini hesabu hizo nilizijua baadae. Wakati ule najua tu koni.

Koni yenyewe nililipa laki na themanini. Ni ile nyekundu ya kitambaa chenye mafuta, imezungukwa na wavu, unatoa lile kopo jeusi la Toyota lote unalitupa pembeni, unachomeka koni moja kwa moja mbele ya sensa ya hewa, unakaza klampu, dakika ishirini umemaliza. Fundi alifurahi mimi nikafurahi. Mama alitoka nje akauliza gari imeharibika nini.

Baada ya ile Noah nilikaa siku mbili siongei na mtu kuhusu magari. Siku ya tatu taa ya check engine ikawaka. Nikaenda kwa mzee mmoja fundi, mtu wa miaka mingi, gereji yake haina hata bango, watu wanaijua tu. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akafungua boneti, akaangalia ile koni, hakusema kitu. Akachomeka mashine, ikasema mchanganyiko ni mwepesi, yani petroli ni kidogo kuliko hewa. Akawasha gari, ikaungurumishwa kidogo, akaizima, halafu akaniambia weka mkono hapa juu ya filta. Nikaweka. Nikatoa.

"Umeisikiaje?"

"Ya moto mzee."

"Ndo hewa unayoilisha gari. Nje nyuzi ngapi, na we umekwenda kuinywesha hewa ya jikoni."

Mzee haelezi sana. Akanirudishia funguo akasema nenda kapime mwenyewe halafu urudi.

Nikapima. Mama anafuga kuku, ana mashine ya kutotolesha vifaranga, na pale kuna kipimajoto kidogo cha namba chenye waya mrefu, nikakiazima wakati mayai hayapo (hii sehemu ni muhimu, kama mayai yangekuwepo nisingekua naandika hapa). Nikapitisha waya kutoka kwenye koni, ukutani mwa injini, mpaka ndani kwenye dashibodi. Siku hiyo nje ilikua nyuzi 18. Nikaingia kwenye foleni ya malori, na malori ya barabara hii mnayajua, yanaenda Tunduma yanatoka Tunduma na ujenzi wa njia nne ulikua unaendelea, kwa hiyo dakika kumi umesimama. Namba ikapanda 35, 44, 52, ikafika 61. Vifaranga wanatotolewa kwenye nyuzi 37 na nusu. Kwenye 61 hao sio vifaranga tena.

Nikitoka kwenye foleni nikatembea 80 ikashuka taratibu mpaka 38, na hapo ikagoma. Sitaki kuidhulumu koni, ukiwa mwendo mzuri barabara wazi hali inakua na afadhali. Lakini hata 38 dhidi ya 18 ni hewa nyepesi kwa asilimia 6 hivi, na kwenye 61 ni asilimia 13. Yani mlima umeshachukua 15, mimi na laki na themanini yangu nikajiongezea mlima mwingine juu yake. Na injini hii inagandamiza hewa sana, 11.5 kwa 1, ikinywa hewa ya moto kompyuta inaogopa kugonga, yani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda, inachelewesha moto wa plagi, unapoteza tena. Noah ya watu ilikua na kopo lake la kiwandani inavuta hewa ya baridi ya Isongole kwa raha zake.

Nilirudi kwa mzee na namba zangu nimeziandika kwenye daftari. Akasoma, akacheka kidogo, akachukua kitambaa cheupe akakiingiza kwa kidole ndani ya mpira wa hewa, baada ya filta, yani upande ambao hewa inatakiwa iwe imeshachujwa. Kikatoka na vumbi jekundu. Vumbi la wiki tatu. Hilo vumbi lililopita linaenda kwenye silinda, linakaa kati ya pistoni na ukuta linasaga kama msasa, na huku kwetu kiangazi kwa hizi barabara zinazochimbwa kila kona hewa yenyewe ina rangi. Sisemi koni zote za dunia ni mbovu, zipo za maana zinazochuja, ila ya kwangu ya laki na themanini haikua mojawapo. Na yale mafuta ya kwenye kitambaa, waliipaka kwa moyo mweupe sana, yalikua yamesafiri na hewa mpaka kwenye sensa.

Hiyo sensa ndo mwenye duka. Ni kawaya kembamba kanachopashwa moto, hewa ikipita inakapoza, kompyuta inahesabu umeme unaohitajika kukarudisha kwenye moto wake na hapo inajua hewa kiasi gani imeingia. Kakishapakwa mafuta na vumbi kanakua kama kamevaa koti, hewa inapita nyingi kenyewe kanasema kidogo, petroli inakuja pungufu, taa inawaka. Mzee aliisafisha na dawa ya kopo ya kupulizia ambayo ni maalum kwa sensa hizo, akanionya nisije nikajaribu kwa mswaki au kwa upepo wa kujazia matairi, kuna kijana alimletea moja imekatika waya.

Halafu akanionyesha kitu ambacho mafundi wote wanne walikipita. Ule mpira wenye mikunjo kati ya sensa na throto (mlango wa hewa wa injini) ulikua na ufa chini yake, urefu wa kidole, huuoni mpaka uukunje. Kwa hiyo tangu Dar kuna hewa ilikua inaingilia dirishani bila kupita kwa mwenye duka. Hapo ndo sailensa, yani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, iliyokua inapanda na kushuka asubuhi ikapata maelezo.

Na tatu, lile kopo la Toyota nilikua bado ninalo stoo, nikamletea, akaligeuza geuza akasema mdomo wake uko wapi. Kumbe kopo lina mdomo wa plastiki unaoenda mbele kabisa, nyuma ya hedlaiti, kuchota hewa ya nje, na aliyekua na gari kabla yangu aliung'oa, sijui kwa nini, labda ili ilie. Kwa hiyo hata siku ya kwanza nilivyoinunua ilikua tayari inakunywa hewa ya boneti. Mdomo huo niliutafuta mwezi mzima, mwisho ukapatikana kwa watu wa spea za yutizi Dar, ukaja na basi umefungwa kwenye kiroba, elfu thelathini na tano pamoja na nauli yake.

Sasa hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nilitaka kujua kopo la Toyota linabana kiasi gani. Kila mtu anasema linabana. Limebana kiasi gani? Binamu yangu ni fundi ujenzi, ana ule mpira mwembamba wa kuonea maji wanaopimia leveli ya msingi. Nikaukunja kama herufi ya U kwenye kibao, nikatia maji yenye rangi ya juisi ya unga, upande mmoja nikauchomeka kwenye mpira wa hewa karibu na throto, upande wa pili uko wazi. Injini ikivuta kwa shida maji yanapanda upande wa kwake, tofauti ya urefu wa maji pande mbili ndo kiasi cha kubanwa. Binamu kakaa kiti cha pembeni kashika kibao na rula, mi naendesha, gia ya pili mpaka 7,000, kwenye kipande kimoja kilichonyooka nje ya mji ambacho sikitaji jina kwa ajili ya wenye tochi. Mara ya kwanza alisahau kusoma alikua anapiga kelele. Mara ya pili maji yalimmwagikia. Mara ya tatu tukapata.

Kila kitu kikiwa kimefungwa kama Toyota walivyotaka, filta mpya ya karatasi, mdomo umerudi: sentimita 31. Nikatoa filta kabisa kopo likawa tupu (msifanye hivi zaidi ya dakika moja): 26. Yani filta ya karatasi, hiyo inayosingiziwa nchi nzima, inabana sentimita 5. Nikatoa na mdomo: 17.

Uzuri wa kupima kwa maji ni kwamba hewa yote iliyo juu yetu nayo unaweza kuipima kwa maji hayo hayo. Baharini hewa inasukuma safu ya maji ya kama mita 10.3. Hapa Mbeya ni kama mita 8.4. Kwa hiyo weka mezani: mlima umenikata sentimita 190. Kopo zima la Toyota na mdomo wake na mikunjo yake yote limenikata 31. Filta 5. Ukinipa filta ya kimiujiza isiyobana chochote, ya dhahabu, imeombewa, nitapata sentimita 5 katika 840, ambayo ni chini ya asilimia moja, farasi moja hivi. Nikitoa kila kitu nikaacha throto iko wazi inakula hewa na kunguru, nitapata asilimia 3 na ushee, farasi 6, labda 7. Hiyo ndo dari. Hakuna duka litakalokuuzia zaidi ya hapo kwenye injini hii isiyo na turbo, hata waandike nini kwenye boksi.

Na ule mdomo unaobana sentimita 9, unanitoza asilimia moja, lakini unaniletea hewa ya nyuzi 21 badala ya 45 nilizopima kopo likiwa halina mdomo. Hiyo ni kama asilimia 8 ya uzito wa hewa. Natoa moja napokea nane. Wale wahandisi hawakua wajinga, mimi ndo nilikua nimewaona wajinga.

Kuna wale wanaosema weka bomba mbele ya bampa, upepo wa mwendo utajisukuma wenyewe ndani. Nilipiga na hiyo. Mwendo wa 100 kwa hewa ya Mbeya upepo wote ukiukinga bila kupotea unakupa sentimita kama 4 za maji. Hata nusu asilimia hazifiki. Hewa ya baridi ya mbele ndo faida, kusukumwa ni hadithi.

Lakini mimi ni mbishi, na mbishi hafundishwi na hesabu peke yake. Nikasema sawa, basi nitoboe kopo kwa chini, niweke hozi ya pili inchi tatu ishuke mpaka kwenye tundu la taa ya ukungu, hewa ya baridi zaidi na kubanwa kunapungua. Nikafanya. Kwenye maji ikashuka mpaka 22, nikajipongeza. Jumamosi nikaenda Tukuyu kwenye msiba. Mvua ya Rungwe jamani. Ile nchi inapata milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka na siku ile nadhani walitupa za mwezi mzima kwa saa moja, barabara imekua mto, lori limepita kwa upande wa pili limenimwagia wimbi zima la mbele. Gari ikakohoa mara mbili, nikaiachia mafuta nikasogea pembeni nikazima. Nafungua kopo, filta imelowa, chini ya kopo kuna maji kama kikombe cha chai.

Kikombe cha chai. Maji hayagandamizwi, pistoni ikipanda ikayakuta inapinda mkono wake au unatobolewa ubavu wa injini, na injini nzima ya hii gari kuipata yenye afya siku hizi ni shughuli. Nilikaa pale pembeni ya migomba nasubiri filta ikauke, bibi mmoja akapita na mwavuli akasema ugonile, nikaitikia, akaangalia boneti iko wazi kwenye mvua akatikisa kichwa akaendelea na safari. Jumatatu mzee akaziba lile tundu kwa plastiki na gundi. Hakunitoza hela ya hiyo kazi, nadhani alinionea huruma.

Jamaa yangu wa Subaru alicheka sana kwenye hii habari yote, ana haki yake. Ya kwake ni Impreza ya turbo, na turbo mlimani ni mambo mengine, hewa ikiwa nyepesi turbine inazunguka zaidi inaisukuma mpaka ifikie kiasi kinachotakiwa, kwa hiyo yeye Mbeya anapoteza kidogo tu. Turbo inafanya kazi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, ila anapita. Nilimkamata sehemu moja tu, miaka yote anaamini lile tundu la juu ya boneti yake linapeleka hewa kwenye filta. Linapeleka kwenye intakula, kupoza hewa iliyokwishagandamizwa. Alibisha mpaka tukafungua.

Haya, gari ikoje sasa. Kopo la Toyota, mdomo wa Toyota, filta ya karatasi ya elfu ishirini na tano ninayoibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa ajili ya vumbi, mpira mpya usio na ufa, sensa safi, betri ilichomolewa usiku mmoja kompyuta ianze kujifunza upya. Haina sauti. Binamu na saa ya simu, gia ya tatu kutoka 60 mpaka 100, siku ya koni wastani wa mara tano ulikua sekunde 6.3. Sasa ni 5.4. Sio dyno, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari, ni binamu na kidole chake, mtasamehe. Ila karibu sekunde nzima kidole hakidanganyi.

Mwezi uliopita nikashuka nayo Kyela kwa mjomba kuchukua mchele. Hii ndo safari ambayo kila mwenye gari isiyo na turbo huku juu anatakiwa aifanye hata mara moja. Unapanda kwanza mpaka Isongole kwenye ukungu, halafu unaanza kushuka, Kiwira, Tukuyu, chai pande zote, unaendelea kushuka joto linapanda, unavua sweta, migomba inakua minene, minazi na kakao, unafika Kyela uko mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Pale kwenye tambarare nikaikanyaga mara moja gia ya pili.

Nikacheka peke yangu. Ilikua ni ile gari niliyoijaribu Dar. Na hapo ni jua la nyuzi 30, hewa ya moto, bado ina uzito kuliko hewa yetu ya baridi. Mjomba aliyekua kakaa pembeni akashika mlango akaniuliza umeifanya nini hii gari mbona zamani haikua hivi, nikamwambia nimeirudishia vitu vyake. Akasema eti na yeye ana Rav4 inasumbua, nimuangalizie. Nikarudi na gunia la mchele nyuma, kwenye kupanda Isongole nikazihisi zinaondoka moja moja, farasi zangu, kama abiria wanashuka njiani.

Koni bado ipo, au niseme ilikuwepo. Niliiacha kwenye rafu kwa mzee, juu ya makopo ya oili. Wiki iliyopita nimepita pale nakuta kijana mmoja mwenye Vitz kaishika anaigeuza.

"Shikamoo kaka. Hii ni ya kwako?"

"Marahaba. Ya kwangu."

"Inaongeza nguvu kweli?"

Mzee alikua chini ya gari, nikaona miguu imetulia, anasikiliza. Nikamwambia ukweli dogo haiongezi nguvu, mi ilinipunguzia, inapitisha vumbi, inakula hewa ya moto, inachafua sensa, kwenye mlima Noah itakupita. Inaongeza kelele tu.

"Kelele nyingi?"

"Nyingi sana."

Akaingiza mkono mfukoni. "Nina elfu sitini hapa kaka, nyingine mwisho wa mwezi."